Pasta aliyeua mtu, akafungwa, akasahaulika: Stori ya Son House, mzee wa blues

Kama umewahi kuitazama Black Snake Moan, ile filamu Samuel L. Jackson anamfunga Christina Ricci kwa mnyororo ndani ya nyumba, basi tayari umekutana na Son House hata kama hukujua jina lake. Kabla mambo hayajachemka, zinaletwa picha za kale, nyeusi na nyeupe. Mzee mwembamba amekaa, anaongea polepole, anaeleza blues ni kitu gani. Kwake yeye blues si kelele ya kila msee anayejiskia vibaya. Ni kile kinachobaki moyoni watu wawili wakipendana halafu mmoja anamchezea mwenzake.

Wengi walimpita huyo mzee wakingoja drama ianze. Lakini ukirudi nyuma uangalie vizuri, utaona kwamba filamu nzima imesimama juu ya mabega yake. Craig Brewer, aliyeiandika na kuiongoza, alitupa jamaa anaitwa Lazarus, mkulima wa Kusini mwa Marekani, mcha Mungu, ambaye mkewe amehepa na ndugu yake wa damu. Biblia iko mkono mmoja, chupa mkono wa pili, na gitaa lipo katikati. Lazarus ni mtu wa kubuni, na mwisho wa filamu anapata amani. Son House alikuwa mtu wa kweli, na hakukuwa na mtu wa kumwandikia mwisho mzuri.

Tulia basi, nikupe stori yake.

Mtoto wa kanisa

Jina lake kamili ni Edward James House Junior. Rekodi zinasema alizaliwa tarehe 21 Machi 1902, kijiji cha Lyon karibu na mji wa Clarksdale, jimbo la Mississippi. Hilo eneo wanaliita Delta. Ni tambarare, udongo mweusi, na enzi hizo kila unapogeuka ni pamba tu. Mtu mweusi alilima shamba la mzungu, akakopa mbegu na chakula kwa duka la huyo huyo mzungu, halafu mavuno yakifika anaambiwa bado yuko na deni. Mwaka unaofuata, ngoma ni ile ile.

Mbuyu wake alikuwa mwanamuziki, alipuliza tarumbeta kubwa kwa bendi ya familia na saa zingine alishika gitaa. Pia alikuwa mlevi. Pombe ilimtoa kanisani kwa muda, halafu akaiacha kabisa, akarudi, akawa shemasi wa Baptist. Shika hapo, kwa sababu kijana alikua akijua kwamba inawezekana mtu kuanguka na kuinuka. Aliiona nyumbani kwao.

Wazazi walipoachana, mathe alimbeba wakahamia Louisiana, kwanza Tallulah, baadaye Algiers, upande wa New Orleans. Na huko kijana alikuwa wa kanisa hadi kucha. Blues aliichukia kabisa. Kuona tu mtu ameshika gitaa kulimkasirisha, kwa sababu alifundishwa kwamba huo ni muziki wa shetani. Akiwa na miaka 15 tayari alikuwa anahubiri.

Alioa akiwa 19, mwanamke aliyemzidi umri, familia ikipinga. Wakaenda kulima kwa baba mkwe huko Louisiana. Baada ya miaka michache aliona anatumika tu kama punda, akatoka. Akaanza kuruka kutoka wera moja hadi nyingine: mashamba, kiwanda cha chuma kule East St. Louis, ranchi ya farasi. Kofia ya kauboi aliyoipenda kuivaa jukwaani miaka mingi baadaye ilitokana na hiyo ranchi.

Halafu akapata kazi ya upasta, kwanza kwa Baptist, baadaye kwa Methodist wa watu weusi. Mshahara upo, heshima ipo, na jembe liko mbali. Kwa nje, kijana ameomoka.

Chupa ikaingia, gitaa likafuata

Ndani mambo yalikuwa tofauti. Pasta alikuwa anapiga mtindi, na wanawake nao walikuwa wengi. Jumapili anawatisha watu na moto wa jehanamu, Jumamosi usiku yeye mwenyewe yuko kwa maficho ya pombe haramu, maana enzi hizo pombe ilikuwa imepigwa marufuku Marekani nzima. Aliishi hivyo miaka kadhaa. Mwisho akaona heri aachane na mimbari kuliko kuendelea kuigiza.

Mwaka wa 1927, akiwa na miaka 25, alipita mahali karibu na Clarksdale akamkuta rafiki yake wa kulewa anapiga gitaa. Jamaa alikuwa amevaa shingo ya chupa kidoleni, anaiteleza juu ya nyuzi, na gitaa linalia kama mtu. Yule kijana aliyechukia blues maisha yake yote alisimama hapo hapo akashindwa kuondoka. Alinunua gitaa bovu kwa dola moja na nusu, nyuzi zingine hazipo, akalitengeneza na kuanza kujifunza. Ndani ya wiki chache alikuwa anapiga mbele ya watu.

Sasa usifikirie kwamba aliacha mahubiri. Aliyabeba yote akaenda nayo. Ukimskiza Son House akiimba, huyo ni mhubiri: anapaza sauti, anakatika katikati ya neno, anashika pumzi, analia. Mkono wake unalipiga gitaa kama mtu anayegonga mlango usiku. Wapigaji wengine walikuwa na vidole vyepesi kumshinda. Yeye aliimba kama mtu anayeamini kwamba anachokifanya ni dhambi, na bado hawezi kuacha.

Risasi

Muda mfupi baadaye, mwaka wa 1927 au 1928, Son alikuwa anatumbuiza kwa kibanda cha starehe, zile base za mashambani ambako watu weusi walikunywa, wakacheza na kusahau pamba usiku mmoja. Jamaa mmoja akachomoa bunduki na kuanza kufyatua ovyo. Risasi ikampata Son mguuni. Son naye akajibu kwa risasi, na yule jamaa akafa.

Kama ilikuwa kujitetea, korti haikumwelewa hivyo. Alipigwa miaka 15, akapelekwa Parchman, shamba la magereza la Mississippi. Parchman haikuwa jela ya kukaa ndani ukihesabu matofali. Wafungwa walipelekwa shambani alfajiri kulima pamba, na wengine waliowachunga walikuwa wafungwa wenzao waliokabidhiwa bunduki. Wengi waliona ni utumwa uliobadilishwa jina.

Alikaa kama miaka miwili. Familia yake ilipambana, na mzungu mmoja mwenye shamba na ushawishi akawaombea. Jaji akaiangalia kesi upya, akamwachilia, lakini akampa onyo: aondoke Clarksdale na asionekane huko tena.

Hebu fikiria. Miaka michache nyuma alikuwa pasta. Sasa ana miaka 28, ameua, amefungwa, kanisa hana na mji wake hautaki kumwona. Alichobaki nacho ni gitaa.

Dola 40 na mpango wa kando

Alifika mji mdogo wa Lula, akakutana na Charley Patton, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa nyota wa blues wa Delta. Patton alikuwa mdogo wa mwili lakini jukwaani ni noma: analirusha gitaa juu, analipiga nyuma ya kichwa, watu wanachizi. Pamoja naye alikuwepo Willie Brown, ambaye angekuwa beste wa Son hadi kifo.

Mei 1930, kampuni ya Paramount ilimwita Patton akarekodi huko Grafton, Wisconsin, mbali sana kaskazini. Kampuni yenyewe ilikuwa tawi la watengenezaji wa viti na samani. Walirekodi sahani za muziki ili wauze makabati ya kuzichezea. Patton akapanda gari na Willie Brown, Son House na mpiga piano anaitwa Louise Johnson, ambaye alikuwa mrembo wa Patton. Sasa udaku ndio huu: kwa simulizi ya Son mwenyewe, njiani Patton na Louise waligombana, Louise akahamia kiti cha nyuma, na walipofika Grafton tayari alikuwa wa Son. Ni yule yule pasta.

Son alilipwa dola 40. Usicheke. Alikuja kueleza kwamba kwa pamba ingemchukua karibu mwaka mzima kuzipata. Kati ya ngoma alizorekodi ni Preachin' the Blues, yenye sehemu mbili, pande zote za sahani. Ndani yake anamsimanga mhubiri anayekimbilia mimbari ili asifanye kazi ngumu. Unajua vizuri alikuwa anamwongelea nani.

Lakini wakati ulikuwa mbaya. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka tangu mwishoni mwa 1929, watu hawana chakula, nani atanunua sahani? Hazikuuzika. Leo nakala zilizobaki zinahesabika, na wimbo wake mmoja, Clarksdale Moan, haukuskika tena hadi nakala ilipojitokeza miaka ya 2000. Paramount nayo ikafunga. Son akarudi kuendesha trekta mashambani, na wikendi anapiga gitaa na Willie Brown.

Vijana waliokuwa wanachungulia

Hapa ndipo jina lake linaingia kwa historia hata kama doo haikuingia mfukoni.

Kule Robinsonville kulikuwa na kijana mmoja aliyependa kuwafuata Son na Willie kila mahali. Alijua kupuliza kinanda cha mdomo, lakini gitaa lilimshinda. Wakipumzika, analichukua na kulipiga vibaya hadi watu wanalalamika. Akapotea kwa muda. Aliporudi, Son na Willie walibaki wamefungua midomo: kijana amekuwa moto. Jina lake ni Robert Johnson.

Unajua vile mtaani msanii akitoboa ghafla watu wanasema amejiunga na Illuminati? Basi Delta pia walikuwa na yao. Stori ikazunguka kwamba Robert aliuza roho yake kwa shetani kwenye njia panda usiku wa manane. Ushuhuda wa Son, kwamba kijana aliondoka hajui akarudi bingwa, ndio uliolisha hiyo hadithi kwa miaka mingi. Ukweli ni kwamba Robert alikuwa amepata mwalimu na kufanya mazoezi. Alikufa Agosti 1938, akiwa na miaka 27.

Kijana wa pili aliishi shamba la Stovall, karibu na Clarksdale. Huyu ni Muddy Waters. Alimwangalia Son akitelezesha chuma kwenye nyuzi, akaondoka na ile mbinu. Mwaka wa 1943 alihamia Chicago, akaweka gitaa kwenye umeme, na mwaka wa 1950 akatoa kibao ambacho kundi fulani la vijana wa London lilikichukua kuwa jina lao: Rolling Stones. Kwa hivyo ukiskiza roki yoyote yenye gitaa zito, ukiifuata nyuma taratibu, utafika kwa pasta aliyefukuzwa Clarksdale.

Miaka ya kimya

Mwaka wa 1941, mtafiti Alan Lomax alifika Delta na mashine ya kurekodi, akitumwa na maktaba ya taifa ya Marekani. Alimrekodi Son kwa duka la kijijini, karibu na reli. Treni ilipita katikati ya wimbo, na mpaka leo unaiskia. Malipo, alivyosimulia Son, yalikuwa Coca-Cola moja baridi. Lomax alirudi mwaka uliofuata akamrekodi tena.

Mwaka wa 1943 Son akatoka Kusini kama maelfu ya watu weusi wa enzi hizo, akaenda Rochester, New York. Akapata kazi ya reli. Willie Brown alipofariki mwaka wa 1952, Son aliweka gitaa chini na hakuligusa tena. Kule Rochester majirani walimjua tu kama mzee anayekunywa, anayeishi na mkewe Evie na kwenda kanisani mara moja moja. Hakuna aliyejua kwamba huyu ndiye aliyemfunza Muddy Waters.

Vijana watatu kwa Volkswagen

Mwaka wa 1964, vijana watatu wazungu waliochizi na zile sahani za 1930, Dick Waterman, Nick Perls na Phil Spiro, walijazana kwa Volkswagen wakaenda Mississippi kumtafuta. Ilikuwa hatari. Majira hayo vijana kutoka Kaskazini walikuwa wanamiminika kule kuwasaidia watu weusi wajiandikishe kupiga kura, na gari lenye namba za mbali lilitiliwa shaka na kila karao. Wakauliza huku na kule, wakatumwa hapa, wakatumwa pale, mpaka wakaambiwa kwamba mtu wao hayuko Mississippi kabisa. Yuko New York, jimbo walilotoka na gari.

Walimpata Rochester tarehe 21 Juni 1964. Siku hiyo hiyo, kule Mississippi, vijana watatu wa harakati za kura, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliuawa na magenge ya Ku Klux Klan. Son alikuwa ametoka kwa udongo huo miaka 21 nyuma. Udongo wenyewe ulikuwa bado haujabadilika.

Tatizo lilikuwa moja: mzee alikuwa amesahau nyimbo zake. Hakuwa hata na gitaa. Mikono inatetemeka, pombe imemmaliza. Wakamtafutia kijana anaitwa Al Wilson, ambaye baadaye aliunda kundi la Canned Heat. Al alikuwa amezijua zile rekodi za zamani noti kwa noti. Wakaketi magoti kwa magoti, kijana mzungu wa miaka 20 na kidogo akimwonyesha Son House jinsi Son House alivyokuwa anapiga. Polepole, vidole vikakumbuka.

Aprili 1965 aliingia studio ya Columbia. Hiyo albamu iko na Death Letter, wimbo wa mtu anayepokea barua kwamba mpenzi wake amekufa, anaenda kumwona akiwa amelala kwa ubao wa kuoshea maiti. Iko pia na Grinnin' in Your Face, ambayo hana gitaa kabisa, ni sauti na makofi tu. Jack White wa White Stripes amesema mara nyingi kwamba huo ndio wimbo anaoupenda kuliko yote duniani. Son akapanda jukwaa la Newport, akapiga Carnegie Hall, akazunguka Ulaya mwaka wa 1967 na tena 1970. Mzee wa zaidi ya miaka 60, aliyekuwa ameshasahaulika, sasa kumbi nzima zinanyamaza akifumba macho.

Hakupona, na usidanganywe

Hapa ndipo filamu ingekatika, muziki upande, watu watoke wakifuta machozi. Lakini maisha yaliendelea.

Mwaka wa 1966 kule Newport, kamera zikiwa zimewashwa, Howlin' Wolf alikuwa anazungumza na watu kabla ya kupiga. Wolf alimjua Son tangu ujana wao Delta. Son alikuwa nyuma, amelewa chakari, anamkatiza maneno. Wolf akageuka akamkaripia mbele ya kila mtu: kwamba alikuwa na nafasi maishani akaichezea, na kwamba kitu pekee anachokipenda ni pombe. Picha zipo. Zinauma kuangalia, kwa sababu unaona Wolf hasemi kwa chuki. Anasema kama mtu aliyemheshimu mwingine akavunjika moyo.

Na Son mwenyewe hakuwahi kudai kwamba amefika. Katikati ya shoo aliweza kusimamisha muziki akaanza kuhubiri, dakika nyingi, kuhusu Mungu, shetani na wanawake, halafu anarudi kwa gitaa. Hakuwahi kuamua yuko upande gani. Alijua kanisa lingesema nini kuhusu blues yake, na alijua chupa ingefanya nini kuhusu kanisa lake. Mbuyu wake aliiacha pombe akawa shemasi. Yeye alijaribu maisha yote na ikamshinda.

Hata hapa kwetu tunapenda ushuhuda uliokamilika: nilikuwa mlevi, nikaokoka, sasa niko sawa, piga makofi. Msanii akiokoka tunashangilia, akirudi klabu tunamchana mitandaoni, kana kwamba kurudi nyuma kunafuta yote. Son House angeshindwa mtihani huo kila wiki. Lakini ile sauti iliyowafanya Muddy na Robert wasimame mlangoni wakiskiza haikutoka kwa mtu aliyemaliza vita vyake. Ilitoka kwa mtu aliyekuwa bado ndani, na hakuficha.

Aliacha muziki miaka ya 70 kwa sababu ya afya. Akahamia Detroit, na huko akafa tarehe 19 Oktoba 1988, akiwa na miaka 86, kwa saratani ya koo, mahali ile sauti ilikuwa inatokea. Akazikwa Mt. Hazel. Wapenda blues wa Detroit wakachangisha pesa kwa matamasha, wakamwekea jiwe la kaburi.

Wikendi hii kama hauna form, tafuta video yake akipiga Death Letter, ile amevaa shati jeupe na tai, gitaa la chuma linametameta. Weka masikioni, zima taa. Angalia vile anafumba macho na kichwa kinaenda nyuma. Hautajua kama anaomba au anatubu, na sidhani yeye mwenyewe alijua.